Hii Bado Si Dharura

Mume wangu alikuwa karani wa stoo mgodini, na anayetaka kumwelewa lazima aanzie hapo. Kuna watu hufurahi wanapopata kitu, na wengine hufurahi wanapokitumia. Yeye alifurahi kitu kilipokaa mahali pake. Mchimbaji akija na karatasi iliyosainiwa na msimamizi, kwamba apewe sururu mpya, mume wangu aliisoma karatasi, akaigeuza, akausoma na upande usioandikwa kitu, halafu akauliza ile sururu ya zamani imekuwaje. Wengi walikata tamaa wakarudi kuchimba na ya zamani. Wakubwa wake walimpenda mno. Walisema hapo Mpanda hakuna stoo iliyojaa kama ile, na ilikuwa kweli, kwa sababu hakuna kilichotoka.

Miaka ya hamsini ilikuwa imefika katikati tuliponunua gari. Lilikuwa gari dogo la mkono wa pili, rangi yake kama maziwa yaliyoganda, na mlango mmoja ulifunguka kwa nje tu. Aliyetuuzia alikuwa Mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Siku ya kukabidhiana, yule Mzungu alimweleza mume wangu jinsi watu wa kwao wanavyoendesha magari wakati wa baridi. Jioni nikaelezwa na mimi, chakula kikipoa.

"Kule kwao theluji ikianguka barabara inapotea kabisa," alisema. "Mtu anaweza kukwama porini na gari lake mpaka kesho yake. Kwa hiyo kila mwenye akili anabeba vitu vya dharura. Blanketi, mshumaa, koleo, chakula cha kopo, mfuko wa mchanga."

"Mchanga wa nini?"

"Wa kumwaga chini ya tairi lisiteleze."

"Sisi hatuna theluji."

"Tuna masika," akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Masika yakiingia, barabara zetu zilikuwa barabara kwa jina tu. Sehemu za mbuga udongo mweusi ulilainika kama uji, na lori likizama humo, dereva alijenga kibanda kando yake, akaanza kuzoeana na watu wa kijiji cha karibu.

Basi akaanza kutengenezesha sanduku. Seremala alichagua mbao za mninga, nzito, akazipiga randa mpaka zikang'aa. Vitasa vilikuwa vya shaba. Kufuli lilitoka India. Mume wangu alikwenda kulitazama sanduku kila jioni alipotoka kazini, akarudi na maagizo mapya moyoni: kigawanyo cha dawa, mahali pa tochi, kamba ya kuzuia mfuniko usianguke nyuma. Lilipoletwa nyumbani majirani walidhani tumefiwa.

Halikuingia kwenye buti. Mimi nilifikiri litapunguzwa. Mume wangu aliona wa kupunguzwa ni gari. Aliondoa nusu ya kiti cha nyuma, akaiweka chini ya kitanda chetu, na sanduku likakaa pale kama abiria aliyelipa nauli.

Halafu likajazwa. Mablanketi mawili mazito ya sufu, ambayo kitandani kwetu hayakuwahi kulala. Kamba ya katani, nene kama mkono wa mtoto. Koleo, panga, tochi, mishumaa, viberiti ndani ya kopo lililozibwa kwa nta. Biskuti, samaki wa kopo, sukari, majani ya chai. Bandeji, iodini, kwinini. Viraka vya tairi na solusheni yake, na pampu. Filimbi, ili tupulize watu watusikie. Na mfuko wa mchanga aliouchota nyuma ya jiko letu, akauchekecha kwa chekecheo langu la unga. Alipomaliza akafunga kufuli, akauvaa ufunguo shingoni pamoja na msalaba wake.

Nafasi ya safari ilikuja upesi. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Karema, kwetu, kando ya ziwa. Kwaresima ilikuwa inakaribia, na Kwaresima harusi hazifungwi, kwa hiyo wazee walikubaliana ifanyike kabla, mvua au jua. Mimi nilikuwa dada mkubwa. Jioni ya kuamkia harusi ilikuwa kazi yangu kumsindikiza bibi harusi kwa shangazi zetu wamfunde. Nilimwambia mume wangu twende na lori la wafanyabiashara wa dagaa, ambalo madereva wake waliijua njia. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Na sanduku nimelitengenezea nini?"

Mama yake alikuja kutoka kijijini kuungana nasi, maana yeye ndiye angesimama kwa niaba ya ukoo wao. Alikuwa Mkonongo, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na alibeba kuku kwenye kikapu kuwa zawadi ya maharusi. Mimi nilikuwa na zawadi yangu, sufuria tatu zilizopandana, mpya. Kiti cha mbele nilitakiwa kumwachia mama mkwe, lakini mlango wa upande ule ndio uliofunguka kwa nje tu, na yeye alisema hawezi kufungiwa kama mbuzi. Akaingia nyuma.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Hapo pembeni ya sanduku, Mama."

Akajaribu. Sehemu ile ingemtosha kuku. Mwishowe akapanda juu ya sanduku lenyewe, kichwa kikagusa paa, akainamisha shingo, na hivyo ndivyo alivyosafiri, ameinama kama mtu aliye kwenye sala.

Tuliondoka alfajiri, mawingu yakiwa chini. Kwenye kizuizi cha mbung'o, mahali ambapo kila gari liliingizwa bandani likakaguliwa lisisambaze wale wadudu, mlinzi alizunguka na wavu wake, akapiga chini ya viti, kisha akaona sanduku.

"Fungua."

"Haliwezi kuwa na mbung'o," mume wangu akasema. "Lina kufuli."

Mlinzi akamwangalia mama mkwe, aliyeketi juu. Nadhani aliona kumwondoa ni kazi kubwa kuliko mshahara wake. Akatupungia tupite.

Pancha ya kwanza tuliipata kabla jua halijapanda. Mume wangu akabadilisha na tairi la akiba, akapiga mluzi, akafurahi. Pancha ya pili ilikuja mbele kidogo, na sasa tairi la akiba halikuwapo. Akanifungulia mlango nikashuka, nikamwambia afungue sanduku.

"La nini?" akauliza.

"Viraka si vimo mle?"

"Pancha si dharura," akasema. "Pancha kila mtu anapata."

Ninachokwenda kusimulia nilikiona kwa macho yangu. Alilitoa lile tairi kwenye chuma chake kwa jasho jingi, akatutuma mimi na mama yake tukakate majani, tukakata kwa mikono kwa sababu panga lilikuwa sandukuni, akayashindilia majani ndani ya tairi mpaka likavimba, akalirudisha. Tukaendelea. Gari lilikwenda likichechemea, na kila kichwa cha mama mkwe kilipogonga paa alitaja jina la mtakatifu mmoja. Alikuwa anawajua wengi.

Mvua ikaanza. Paa lilivuja sehemu mbili, zote nyuma. Mama mkwe akavua kitenge cha juu akajifunika nacho, kikalowa, nikampa khanga yangu, nayo ikalowa. Chini yake, ndani ya mninga, mablanketi mawili ya sufu yalikuwa makavu kabisa.

"Mwanangu," akasema, "nasikia humu ndani kuna blanketi."

"Yapo, Mama."

"Basi."

"Ni ya dharura, Mama. Hii ni mvua tu."

Tulinunua mihogo ya kuchemsha kwa mwanamke mmoja aliyekuwa chini ya kibanda njiani, tukala huku tunaendelea, tukiwa na biskuti ambazo hazikuwa zimefikia hali ya kuliwa. Nilikuwa nahesabu njia moyoni. Nilimwona kwa mawazo mdogo wangu amekaa na shangazi zetu, ananisubiri, wanamwambia labda dada yako amekuwa mke wa karani sasa. Nilitaka kulia, lakini mbele ya mama mkwe hulii kwa sababu ya gari.

Kwenye mbuga tulizama. Halikuwa jambo la ghafla. Gari lilipunguza mwendo lenyewe kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, likainama mbele, likakaa. Matope yakafika kwenye ngazi ya mlango. Mume wangu akazima injini. Tukasikia vyura.

Nikamtazama shingoni. Mama yake naye akamtazama shingoni.

"Hii bado si dharura," akasema. "Hili ni tope."

Mama mkwe akatoka nje, miguu ikazama mpaka magotini, akasimama pale mvuani na kikapu chake cha kuku.

"Hebu nieleze mwanangu, dharura ikoje? Nisije nikaiona nikaipita."

Akamjibu kwa upole, maana alikuwa mtoto mwenye adabu. "Dharura ni jambo usilolitegemea, Mama."

"Mimi hili sikulitegemea."

"Mimi nililitegemea. Ndiyo maana nikatengeneza sanduku."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na bado sijampata mtu wa kulijibu lile jibu.

Kwa hiyo tulichimba kwa sufuria za harusi. Mimi kubwa, mume wangu ya katikati, na mama mkwe, baada ya kusonya kwa muda, akachukua ndogo. Tuliteka tope tukamwaga pembeni, na tope likarudi. Mume wangu alichimba kwa bidii, sitaki kumsingizia. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mchoyo wa mwili wake. Shati lake jeupe la kwenda ukweni lilikuwa jeusi mpaka kola, meno yanagongana kwa baridi, na kila nilipomwelekezea macho kwenye sanduku alitikisa kichwa kama mtu anayekataa pombe.

Ndipo likaja gari la serikali kutoka upande wa Karema. Lilikuwa refu, la kijani, na usukani aliushika Bwana Shauri mwenyewe, afisa wa wilaya, kijana wa Kizungu mwenye pua iliyobabuka na jua, pembeni yake tarishi mwenye koti la vifungo vinavyong'aa. Alitaka kutupita kwa kukata majanini. Akafika usawa wetu, magurudumu yakazunguka bure, na gari lile refu nalo likakaa.

Mume wangu alinyoosha mgongo. Mkono ukapanda shingoni.

Sijawahi kumwona akifungua kitu kwa haraka vile. Kufuli liliruka. Mfuniko ulinyanyuka, harufu ya sukari na sufu mpya ikatupiga puani, na akaanza kutoa. Blanketi moja likaenda mabegani kwa Bwana Shauri, ambaye alikuwa na koti la mvua na hakuwa amelalamika. La pili akapewa tarishi. Biskuti zikafunguliwa. Iodini ikapakwa kwenye kidole cha Mzungu kilichokwaruzwa kidogo, kikafungwa bandeji mpaka kikawa kama kichwa cha mtoto.

"Hapana taabu," Bwana Shauri alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha darasani. "Hapana taabu. Sukuma tu."

"Hii ni dharura, Bwana!" akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Mchanga wa nyuma ya jiko langu, uliochekechwa kwa chekecheo langu, ukamwagwa chini ya matairi ya serikali. Koleo likachimba. Kamba ya katani ikafungwa mbele ya gari lao, tukashika wote wanne, mimi, mume wangu, mama mkwe na tarishi aliyekuwa anatafuna, tukavuta. Mama mkwe alivuta kuliko sisi. Nilidhani ni hasira. Gari likatoka, likapanda kwenye udongo mgumu nyuma yetu, likasimama.

Bwana Shauri akashuka. Akamshika mume wangu mkono, mkono wenye tope, akautikisa. Akatazama gari letu lililozama.

"Na ninyi? Mzuri?"

Nilimwona mama mkwe akivuta pumzi ya kujibu. Mume wangu akamtangulia.

"Sisi hatuna tatizo lolote, Bwana."

"Mzuri sana," akasema Bwana Shauri, na ninaamini kijana yule alimsadiki. Akapanda. Tarishi akakusanya vifaa vilivyokuwa vimetapakaa chini, na kwa kuwa vyote vilikuwa vya rangi moja ya tope, akaliona koleo letu nalo ni la serikali. Wakaondoka na mablanketi mabegani. Kamba hakuna aliyekumbuka kuifungua. Ilipita chini ya gari, ikatokea nyuma, ikawafuata porini kama mkia.

"Kamba yenu inakwenda ile," akasema mama mkwe.

"Tusimcheleweshe," akasema mume wangu. Kisha akanigeukia mimi, midomo ya bluu kwa baridi, uso umechangamka kama wa mtu aliyepata mtoto wa kiume. "Umeona alivyonishika mkono?"

Nilitaka kumwambia maneno fulani. Lakini alikuwa anatetemeka, na nywele zilikuwa zimemlalia kwenye paji la uso, na nilijua mgodini hakuna aliyewahi kumshika mkono. Walimpa kalamu na funguo. Nikasema nimeona.

Mama mkwe hakuwa na muda wa kuona. Alikuwa ameingia nusu ya mwili ndani ya gari, anakagua sanduku. Filimbi, mishumaa, kwinini, samaki wa kopo, panga. Akalitoa panga, akalipima mkononi. Tukasikia kitasa cha shaba kikilia.

"Mama! Unafanya nini?"

"Natafuta mbao."

"Mama, hilo ni sanduku la dharura!"

"Ndiyo," akasema mama mkwe, akakita panga kwenye kiungo, akalikanyaga. "Nimesikia. Tangu asubuhi sijasikia kingine."

Mfuniko ulitoka mzima. Upande mmoja ulipasuka kidogo. Tuliziingiza zile mbao chini ya magurudumu ya nyuma, mume wangu akawasha gari, sisi wanawake tukasukuma, na mninga ule, niseme ukweli, ulikuwa mti wa thamani. Haukuvunjika. Gari lilipanda juu yake, likatapika moshi na tope usoni kwetu, likafika kwenye majani magumu. Mbao zilizobaki matopeni hatukurudi kuzichukua. Mume wangu alisimama akizitazama, mikono nyuma, mpaka mama yake alipopiga honi.

Tulifika Karema giza linaingia, tairi moja likimwaga majani barabarani. Wale shangazi walinipokea kwa vigelegele na maswali kwa pamoja, wakanimwagia maji ya ndoo mahali pa kufulia, na nikamsindikiza mdogo wangu nikiwa nimevaa nguo ya shangazi iliyonipwaya. Mdogo wangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Sufuria alizipokea hivyo hivyo, na tope lake. Alisema sufuria za wengine ni za kupikia, hizi zangu ni za kujengea nyumba.

Baba yangu, alipomkaribisha mkwewe, aliuliza kama wanavyouliza wote, "Mmepitaje na mvua hizi?"

"Tulijiandaa, Baba," akasema mume wangu.

Akaanza kusimulia. Alisimulia sanduku, theluji ya Ulaya, mchanga, kamba. Alisimulia Bwana Shauri. Katika masimulizi yake pancha hazikuwapo, tope lilikuwa la Bwana Shauri peke yake, na sisi tulikuwa tumesimama pembeni na gari letu tukingoja kuwasaidia watu. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anakula samaki wa ziwani aliyepikwa kwa mawese, anatoa miiba mmoja mmoja, na hakuinua uso. Siku iliyofuata, baada ya misa, mshereheshaji alimsimamisha mume wangu mbele ya wageni wote ili awaeleze watu namna ya kujiandaa na safari za masika. Alizungumza mpaka wali ukapoa. Mwalimu mmoja wa shule, ambaye alikuwa na baiskeli tu, alimuuliza kwa makini kuhusu vipimo vya sanduku.

Siku ya kurudi, mama mkwe alimuaga kila mtu, akachukua kikapu chake, akapita mbele ya gari letu bila kusimama, akaenda kwenye lori la dagaa. Alipandishwa na vijana watatu. Alijipangia magunia, akaegemea, akanyoosha miguu, akafungua mwavuli aliopewa na mama yangu.

"Mama, utanuka dagaa," mume wangu akasema kutoka chini.

"Nitanuka nikiwa nimelala," akamjibu.

Sisi tulichelewa, tairi lile la majani lilitukatalia kabisa, na safari hii alikubali kutumia viraka, maana havikuwa na mahali pa kufungiwa. Tulipoingia Mpanda, moshi ulikuwa unatoka jikoni kwangu. Mama mkwe alikuwa amefika zamani, ameoga, amefagia uwanja, amesonga ugali na kuunga dagaa kwa karanga. Tukanawa tukakaa. Mume wangu alikula, halafu akasifu dagaa, halafu akasema tatizo lilikuwa kwenye viungo vya sanduku, na kwamba kesho atapita kwa seremala wazungumze.

Mama yake akaivuta sahani ya mwanawe, akamwongezea ugali.